Mkalimani Husema "Mimi"

Jina lake kamili nililiandika mwenyewe kwenye msalaba wake, rangi nyeusi juu ya nyeupe, na ni miongoni mwa maandishi yangu yaliyonyooka. Hapa sitalirudia. Mwenyewe hakupenda mtu ajibu zaidi ya alivyoulizwa, na mtaani kwetu Kambarage, pale Shinyanga mjini, simkumbuki aliyewahi kumuuliza jina. Tulimwita Mkalimani. Mke wake alimwita Mkalimani. Wajukuu wakitumwa chumvi walisema wametumwa na Mkalimani, na mwenye duka alijua chumvi inakwenda nyumba ipi.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Naandika maduka, saluni, malori, makanisa, na siku hizi maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Geita nilikohamia. Maneno nayapima kwa upana wa brashi. Maana yake ni shauri la mwenye bango. Wateja wangu wanapenda Kiingereza kuliko chakula, na Kiingereza changu mimi kiliishia darasa la saba, kwa hiyo miaka yote niliyoishi Kambarage nilikuwa napenya ua wa minyaa kwenda kumuuliza jirani yangu kama neno fulani linafaa kuwekwa ukutani. Nina mengi ya kumkumbuka. Lakini nimekaa kitako kuandika kwa sababu ya bango moja, la fundi cherehani anayeitwa Kalamini, ambaye siku moja aliniletea kopo la rangi nyeupe akaniambia nimfutie jina lake. Nitafika huko.

Mkalimani alifanya kazi mahakamani enzi zile ambapo hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa kijijini akisema Kisukuma, yeye alikigeuza; hakimu akisoma Kiingereza chake, yeye alikishusha kwenye Kisukuma mpaka mzee wa Didia aelewe kama anakwenda jela au anarudi kwa ng'ombe wake. Na alikuwa na sheria moja iliyowachanganya wageni. Hakusema "anasema hakuiba." Alisema "mimi sikuiba." Shahidi akiwa mwanamke aliyepigwa na mumewe, huyu baba mwenye tai na masharubu alisimama wima, mkono wa kushoto mgongoni, akatamka, "Mimi mume wangu alinipiga nikiwa mjamzito." Waliokuja mahakamani mara ya kwanza walicheka. Yeye hakucheka.

"Nikisema 'anasema', nimeshajitoa," aliniambia. "Nimeshawaonyesha watu kwamba mimi simo, wakitaka wamwamini, wakitaka wasimwamini. Mkalimani husema 'mimi'. Akimaliza, anakaa."

Huo ndio ulikuwa msemo wake: ukiulizwa jibu, ukimaliza kaa. Aliutumia mahakamani, aliutumia mezani, aliutumia kwenye vikao vya harusi na kwenye misiba. Kwenye misiba hasa ulitufaa, maana Shinyanga tuna wasemaji.

Mzee mmoja aliyeshindwa kesi ya shamba alimgeukia hakimu akamporomoshea tusi la Kisukuma ambalo siwezi kuliandika hata nyuma ya lori. Hakimu, kijana wa kutoka pwani, akauliza mzee amesema nini. Mkalimani angeweza kusema kwamba mzee analalamika, na kila mtu angerudi nyumbani salama. Akasimama, mkono mgongoni: "Thou art a knave." Hakimu akadhani hakusikia vizuri. Mkalimani akarudia, kisha akaongeza Kiswahili kwa ajili ya karani: "Wewe ni mtu duni na mlaghai. Nakwambia wewe." Mzee alilala ndani usiku huo. Nilipomuuliza kwa nini alichagua Kiingereza cha kale hata hakimu akahangaika nacho, alinishangaa mimi. Yule mzee alikuwa ametukana kwa tusi la babu yake, alisema; angewezaje kulifikisha kwa tusi la jana?

Maneno ya zamani ndiyo yalikuwa ugonjwa wake. Aliyapata katika kamusi nene aliyoachiwa na wakili mmoja aliyehama mji, haina jalada, na herufi ya A ilikuwa imeliwa na mchwa karibu yote. Ukimletea neno linaloanza na A alikujibu bila haya, "Hilo kawaulize mchwa." Herufi zilizobaki alizisoma kidogo kidogo kila asubuhi baada ya uji. Neno linalotumika redioni hakulijali. Alitaka yale ambayo Waingereza wenyewe wameyatupa, na aliyatendea kama fundi anayeokota misumari kwenye nyumba iliyobomolewa, anainyoosha na kuiweka kwenye kopo, huenda ikafaa.

"Mwingereza alikuwa na keshokutwa yake," aliniambia siku moja kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "'Overmorrow'. Na juzi alikuwa nayo, 'ereyesterday'. Kazitupa zote mbili! Leo akitaka kusema keshokutwa inambidi azunguke: siku baada ya kesho. Sisi tuna keshokutwa, tuna mtondo, tuna mtondogoo. Sasa nani maskini hapo?"

Habari ya "thou" aliipenda zaidi. Zamani, alisema, Mwingereza alikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja, na neno jingine la kuwaambia wengi. Akaanza kuona haya kumwambia mtu "wewe", akawa anamheshimu kila mmoja kwa "ninyi", heshima ikazidi mpaka "wewe" ikafa. "Kwa hiyo leo," alimaliza, "Mwingereza akimfukuza mbwa jikoni anamwambia, tokeni ninyi." Hapo alicheka mpaka akakohoa, na mke wake akatoka kumpa maji.

Si yote yaliyomchekesha. "Villain" lilimuudhi. Lilikuwa neno la mtu anayelima shamba la bwana, basi, mkulima tu. Wenye mali wakalitamka kwa dharau miaka na miaka mpaka likawa jina la mtu mwovu. Wakulima walipojaa uwanja wa mahakama na kofia zao mikononi, hilo hakuwahi kuwaambia. Na lilikuwepo "groak", maana yake kumtazama mtu anayekula ukitumaini atakuambia karibu. Hilo tulilihitaji, kwa sababu fundi baiskeli wa mtaani alikuwa na kipaji cha kupita wakati ugali unaepuliwa. Lakini Mkalimani alisema neno la namna hiyo lisingeweza kuzaliwa Usukumani, kwa kuwa huku mtu huambiwa karibu kabla hajaanza kutazama. Alilisema hilo huku akimsogezea fundi baiskeli maji ya kunawa.

Pamoja na mapenzi yote hayo, sikuwahi kumsikia akizungumza Kiingereza na mtu yeyote. Mjukuu wake aliyesomeshwa shule ya Kiingereza alikuja likizo akamwamkia kwa sentensi ndefu iliyonyooka. Babu akamwitikia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaendelea kukata kucha. Hakuwahi kufika mbali zaidi ya Mwanza au Geita, na hakuona alichokosa. Watu walimletea watoto wachanga wakitaka jina la Kiingereza lisilo la kawaida, akawapa maana, lakini kuwachagulia alikataa katakata. Wakiuliza, "Lina maana nzuri, mzee?" aliwajibu, "Lina maana." Wanawe mwenyewe aliwaita Kulwa na Doto kwa kuwa walizaliwa mapacha, na aliyewafuata akamwita Shija, kama desturi ilivyopanga kabla yeye hajazaliwa.

Mke wake, Mama Kulwa, alijua Kiswahili vizuri kabisa ila alikikataa akikasirika. Siku moja mtaani alihamia jirani mpya, mfanyabiashara wa kutoka Ujiji, na kuku wake wakaula mtama ambao Mama Kulwa alikuwa ameuanika. Mama akatoka na Kisukuma chake. Yule wa Ujiji hakuelewa hata neno, akabaki anapepesa macho, na Mkalimani akasimama katikati yao, mkono mgongoni.

"Mimi mtama wangu umeliwa na kuku wako," alisema. "Mimi sikuja hapa kulisha kuku wa watu." Mama Kulwa akaongeza jambo refu huku akimnyooshea mumewe kidole. Mkalimani hakubadili sauti. "Na mume wangu amekaa anasoma tu. Hana faida hata ya kufukuza kuku."

Jirani akamtazama. "Mzee, hilo nalo analimaanisha?"

"Namaanisha," akajibu Mkalimani.

Nilipohamia Geita nilimkosa kwa sababu za kazi kwanza, kisha kwa sababu nyingine. Kijana mmoja wa Kigoma mwenye duara aliniletea neno alilolitoa kwenye simu, akasema analitaka kwenye bango la mabati, herufi nyekundu. Nikaandika PERDITION, na nilijivunia sana ile R. Mkalimani alikuja Geita kwenye harusi ya ndugu yake nikampeleka kulitazama. Akasoma, akatikisa kichwa taratibu. "Ni mahali pa kupotelea milele," akasema, akauliza chakula cha harusi ni saa ngapi. Nilikesha na wazo hilo, kesho yake nikamwambia yule kijana. Akacheka. "Si ndiyo kazi yenyewe, kaka?" Muda si mrefu wakakutana na mwamba wenye mali, na wenye maduara ya jirani wakaanza kunijia wakitaka maneno ya ukoo huo huo. Nilimpigia simu kumweleza. Alisema niwaulize kwanza kama wanatafuta maana au wanatafuta dhahabu, akakata.

Sasa nimfikie Kalamini.

Baba yake alikuwa mkulima wa Didia. Majirani zake walimshitaki kwa wizi wa ng'ombe, kesi ikapelekwa Shinyanga, akashinda, na siku ile ile ya hukumu mke wake akajifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto huja na jina lake mkononi. Akizaliwa mvua inanyesha ataitwa kwa mvua, akizaliwa wakati wa njaa atabeba njaa, akizaliwa kukiwa na msiba atabeba msiba, wala hakuna anayeona amelaaniwa. Huyu akapewa neno lililosomwa katika hukumu. Hakimu, mtu wa maneno mazito, alikuwa ameandika kwamba mashitaka yote yalikuwa "calumny". Kwenye cheti cha kuzaliwa likaandikwa hivyo hivyo. Kijijini likawa Kalamini, neno tamu mdomoni, na mtoto akakua nalo.

Watu wa mjini walipojua maana yake, hadithi ikatengenezwa: mkulima asiyejua Kiingereza alisikia neno lenye mlio mzuri, akadhani ndilo lililomwachia huru, akambandika mwanawe. Ilisimuliwa kwenye vibaraza vya Kambarage na kila mara ilileta kicheko. Mimi sikuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Kalamini akiwa sekondari, mwalimu wake wa Kiingereza aliita majina darasani, akafika kwake, akashindwa kujizuia. Hakumweleza kinachochekesha. Jumamosi yake yule binti alikuja Kambarage kumtafuta mtu aliyetafsiri ile hukumu. Nilikuwa napaka rangi geti la Mkalimani. Akapiga magoti akaamkia, akauliza jina lake maana yake nini.

Mkalimani akasimama. "Masingizio. Uongo anaozushiwa mtu ili aharibiwe jina."

Binti akasubiri. Mimi pia nilisubiri, brashi hewani. Mkalimani akakaa. Binti akasema, "Wabeja, babu," akashukuru hivyo kwa Kisukuma na adabu zake zote, akatoka getini akijifuta macho kwa mkono wa sweta la shule.

"Mzee, umemwacha mtoto analia," nilimwambia.

"Aliuliza maana. Nimempa maana."

Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilimaliza geti lake bila kuzungumza, na kwa muda mrefu sikupenya ule ua. Hasira ikaisha, kama hasira za majirani zinavyoisha, ila lile sweta sikulisahau.

Miaka ikapita. Baba yake Kalamini akafariki. Yeye akajifunza ushonaji, akaja Geita kama walivyokuja wengi, akapanga chumba cha duka Kalangalala katika safu ile ile niliyokuwa na banda langu. Nikamwandikia bango: KALAMINI FASHION, kijani juu ya nyeupe. Wateja wake wengi walikuwa wake wa wachimbaji, watu wa kutoka kila mkoa, na kwao Kalamini lilikuwa jina tu kama Rehema. Nadhani hiyo ilikuwa miaka yake ya raha.

Kisha akapata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtulivu wa familia ya Kikatoliki ya Ushirombo. Vyeti vikapelekwa parokiani kwa ajili ya ndoa, dada wa mchumba akaliona lile neno kwenye cheti, akalitafuta kwenye simu yake. Mama mkwe mtarajiwa alisafiri mpaka Geita kuja kuzungumza. Hakuwa mtu mbaya, na hakupandisha sauti. Banda langu na duka vinatenganishwa na ubao, nilisikia yote.

"Mwanangu, mimi na wewe hatuna neno," alisema. "Lakini fikiria. Matangazo yatasomwa kanisani watu wote wamekaa. Isomwe kwamba mwanangu anaoa Masingizio? Hata kama hawajui leo, kesho watajua. Kabadili, mama. Wenzio wanabadili, si dhambi."

"Nimekusikia, mama," Kalamini akasema.

Asubuhi iliyofuata ndipo aliponiletea kopo la rangi nyeupe. Alikuwa ameshachagua: Caroline, kwa kuwa linafanana kidogo na wateja hawatapata taabu. Wakili angeandaa karatasi wiki ile. Aliongea haraka haraka akitazama kopo.

"Nalifuta kweli?" nikamuuliza.

"Futa, kaka. Baba aliniachia mashamba, akaniachia na kichekesho. Mashamba nitabaki nayo."

Nilifungua kopo. Nilikoroga. Sijui ni nini kilinizuia, labda ni uvivu tu wa kupanda ngazi, lakini nilimuuliza kama aliwahi kurudi kwa Mkalimani.

"Nikafanye nini? Nilishamuuliza, naye alinijibu. Ulikuwepo."

"Ulimuuliza swali moja," nikamwambia. "Yule mzee hujibu moja. Kama kuna jingine, sharti uliulize."

Akaninyang'anya ile brashi mkononi, akaichovya kwenye mafuta ya taa isije ikakauka, akasema rangi itasubiri mpaka Jumatatu. Jumamosi tukapanda basi la Shinyanga.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kiti chini ya ukingo wa bati, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amepungua mwili wote isipokuwa masharubu. Masikio yalikuwa yamechoka, tuliongea kwa kelele. Mama Kulwa alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Tukaamkia, tukapewa uji, tukaulizwa habari za Geita, za mvua, za wagonjwa. Alinikumbuka vizuri. Aliniuliza kama ile Perdition bado ipo, nikamwambia imeshaporomoka, haikuua mtu. "Afadhali," akasema.

Kalamini akaweka kikombe chini. "Babu, mimi ni mtoto wa yule mzee wa Didia, wa kesi ya ng'ombe."

"Nakujua."

"Nina swali."

"Uliza."

"Siku ile ya hukumu. Baba alijua neno lile maana yake, au hakujua?"

Mama Kulwa akaacha karanga. Nikadhani Mkalimani hakusikia, nikajiandaa kurudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Hilo hukuniuliza," alisema.

"Nakuuliza sasa, babu."

Akashika mikono ya kiti. Mke wake akamwambia abaki amekaa, mtoto amwelewe hivyo hivyo, hakumsikiliza. Alisimama kwa awamu, magoti kwanza, mgongo baadaye, shuka likaanguka. Alipokwisha kunyooka akaupeleka mkono wa kushoto mgongoni. Hakumtazama Kalamini. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake, mahali ambapo zamani alikaa hakimu, na sauti iliyotoka haikuwa na uzee wowote.

"Mimi nimeelewa," alisema. "Nimemuuliza mkalimani mara ya kwanza, nimemuuliza tena hapa nje, kaniambia lile lile. Ni masingizio. Gete, kweli ndivyo ilivyokuwa. Sasa nimeletewa habari kwamba nyumbani kumezaliwa mtoto wa kike. Ataitwa hivyo. Ataitwa kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kisukuma wangelitambua wakalikwepa. Hawa majirani walionisingizia watakuja kumwona mtoto, desturi inawalazimu. Watauliza anaitwaje. Watalitamka. Watamwita akienda kisimani, watamwita akichunga mbuzi, watamwita siku ya harusi yake. Kila wakimwita watakuwa wanakiri walichonifanyia, bila kujua. Mimi sitawalipa kingine. Sitawachomea boma, sitawapeleka kokote. Jina linatosha."

Akavuta pumzi. Mama Kulwa alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

"Na wewe mkalimani, usimwambie mtu, wasije wakajua. Lakini mtoto akikua, akaja mwenyewe kukuuliza kama baba yake alijua, mwambie nilijua. Mwambie yeye si masingizio. Yeye ni siku niliyoshinda."

Kalamini alikuwa ameshuka kwenye kigoda, magoti yake yako mavumbini. Alimtazama yule mzee usoni kama mtu anayetafuta sura nyingine nyuma yake. "Shikamoo, baba," akasema.

Midomo ya Mkalimani ilicheza. Nilijua jibu lake, kila mtu pale alilijua, ni neno moja tu. Lakini alishusha mkono kutoka mgongoni, na aliposema, alisema kwa sauti yake ya siku zote, ya kizee.

"Hilo sina pa kulipeleka, mwanangu," akasema. Akakaa.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumkemea, vyote kwa pamoja, kwa ajili ya lile sweta. Mama Kulwa alinitangulia. Alimshukia kwa Kisukuma, akamuuliza mtu wa namna gani hukaa na maneno ya marehemu tumboni huku mtoto wa watu anachekwa shuleni, anasumbuliwa na wakwe, na yeye anasubiri aulizwe vizuri. Sote watatu tulielewa Kisukuma. Mkalimani, kwa mazoea tu, akatutafsiria. "Mimi nimeolewa na jiwe," alisema, akaomba arudishiwe shuka lake.

Kalamini ndiye aliyemfunika. Alicheka na kulia, akamwekea shuka vizuri mabegani. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka tulipoaga. Mkalimani sikumwona tena akiwa hai. Mvua zilipoanza nikaitwa kwenda kuandika msalaba wake.

Wakili wa Geita aliambiwa aache zile karatasi. Kalamini alimweleza mchumba wake habari yote, mchumba akampelekea mama yake Ushirombo, na mama akasema amesikia, atafikiri. Halikuja jibu lingine. Siku zikasogea, matangazo ya ndoa yakakaribia, na Kalamini aliendelea kushona nguo za watu akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma. Alikuwa ameniambia jambo moja tu: nilipake upya lile bango, herufi ziwe nene.

Nilikuwa juu ya ngazi, nimefika kwenye N, mama mkwe alipoteremka kwenye bodaboda na mfuko wa kitambaa. Alikuja kupimwa gauni la harusi. Akasimama chini ya bango, akalisoma, akanitazama mimi. Nikawa na shughuli nyingi ghafla. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma.

"Hodi, mwanangu," akasema.

Cherehani ikaendelea.

"Hodi humu ndani!"

Cherehani ikaendelea. Mama akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Aliinua tena macho kwenye bango, akalisoma taratibu, midomo ikimtembea, kisha akavuta pumzi akaita kwa sauti ambayo safu nzima ya maduka iliisikia.

"Kalamini!"

Cherehani ikanyamaza.

"Abee, mama."